Je, kaunti inaweza kumkataza mwenye loji kulaza akina mama wa mtaani?

#1 Jirani wa Ngara
Wadau, salaam. Nauliza nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Tuko akina mama kumi na mmoja wa chama kimoja hapa Ngara. Kila Ijumaa jioni tunapika uji na kuwapelekea akina mama wanaolala na watoto kwenye veranda za maduka. Julai hii baridi ilipozidi, mtoto mmoja wa miezi saba alishikwa na nimonia. Hapo tukasema uji hautoshi. Tukaongea na mwenye loji moja ya vyumba 22, ambayo katikati ya wiki nusu yake hulala tupu. Akatupa vyumba vitano kwa shilingi 500 kila usiku, mama na wanawe chumba kimoja, kwa mwezi mzima. Jumla 75,000. Tumechanga, na watu wa kanisa wakajazia.

Usiku wa tatu akaja mtu aliyejiita ofisa. Akamwambia mwenye loji kwamba leseni yake ni ya kulaza wageni, si ya kufuga machokoraa, na akiendelea atafungiwa. Hakuacha barua. Mwenye loji ameingiwa na baridi, ametupa hadi Jumapili.

Kweli kuna sheria inayosema nani ni mgeni na nani si mgeni? Nasikia hata Marekani na Uingereza mabaraza ya miji yamekataza hoteli kugeuzwa makao. Mwenye kujua anieleze.

#2 Mzee Burma
Asiyeacha barua hakutumwa. Huyo alikuja kutafuta chai. Muulizeni jina, namba ya kazi na kifungu cha sheria, mtaona kisogo chake.

#3 Kinyozi wa Kirinyaga Road
Mama Jirani, pole kwa mtoto. Lakini acha nami niseme yangu bila kuuma maneno. Duka langu la kunyoa liko karibu na loji kama hizo, kodi ni 28,000 kwa mwezi, na wateja wangu wengi huja baada ya saa moja usiku. Mwaka jana mtu fulani alijaza vijana wa mitaani kwenye jengo la pili kutoka kwetu. Alisema wiki mbili, wakakaa miezi mitano. Hapakuwa na mlezi, na choo kilikuwa kimoja. Gundi ngazini kila siku. Niliibiwa mashine mbili, na jirani yangu wa kutengeneza simu akahama. Hakuna aliyetuuliza sisi tulio pale. Kwa hivyo ofisa akija leo nitamsikiliza kwanza. Na kama miji ya ng'ambo yenye pesa imekataa, haikukataa bure.

#4 Jirani wa Ngara
@Kinyozi, nakusikia ndugu yangu. Hawa ni mama watano na watoto tisa, mkubwa ana miaka minane. Si vijana. Na mmoja wetu hulala pale kila usiku kwa zamu.

#5 Wakili wa Huruma
Mama, nijibu swali lenyewe, maana Mzee Burma ana haki nusu tu.

Sheria ipo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya mtu kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya jengo. Nyumba ya kuishi ikigeuzwa baa, kibali. Ghala likigeuzwa shule, kibali. Loji ikigeuzwa makao, kwa hoja hiyo hiyo, kibali. Juu yake kuna leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha moto, afya ya umma, na usajili wa mambo ya utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ofisa akitaka kukukaba, hakosi pa kushika.

Lakini je, vyumba vitano kati ya 22, kwa mwezi mmoja, vikilipiwa bei ya mlangoni, vimebadilisha matumizi ya jengo? Mimi nasema hapana. Mwenye kulala amelipiwa, ameandikwa kitabuni, ana ufunguo. Huyo ni mgeni. Nani amemlipia si neno la mipango ya ardhi. Kampuni ikilaza madereva wake pale mwezi mzima, hakuna anayesema loji imekuwa hosteli ya madereva.

Na kumwita mtu chokoraa si kifungu cha sheria. Ile Sheria ya Uzururaji tuliyorithi kwa mkoloni, iliyofanya kukosa makao kuwa kosa, ilifutwa 1997. Kwa upande wa pili Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa.

#6 Bin Majengo
Wakili umesema vyema, ila mwanzo wa uzi huu wengine tulichanganyikiwa. Kwetu hoteli ni pa chapati na maharagwe! Nikasema, watu watalala wapi, juu ya meza?

#7 Mzee Burma
Bin Majengo, wewe ukisikia chapati akili yote inahamia huko. Loji ni loji, hoteli ni hoteli. Endelea na chai yako.

#8 Dada wa Kent
Hamjambo huko nyumbani. Niko jimbo la Washington, mji wa Kent, jirani kabisa na Renton, na jambo hili tulilishuhudia.

Corona ilipoanza 2020, King County, ambayo ni kaunti ya Seattle, iliona watu wamerundikana kwenye mabweni ya wasio na makao, vitanda vya ghorofa, pumzi kwa pumzi. Mwezi wa nne ikawatoa zaidi ya mia mbili bwenini mjini Seattle na kuwapangia hoteli ya Red Lion kule Renton, kila mtu na chumba chake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walifuatilia mpango huo wa hoteli. Ugomvi ulipungua, watu wakalala usingizi, wakaanza kufikiria kesho. Mlango unaofungika kwa ndani ni jambo kubwa sana kwa mtu aliyelala miaka ukumbini.

Lakini mji wa Renton ulikuwa na yake. Polisi na zimamoto walikuwa wanaitwa pale kila mara, wafanyabiashara wa jirani walilalamika kama @Kinyozi hapo juu, na baraza la mji likasema eneo lile lina zoni, yaani mpango wa matumizi ya ardhi, ya hoteli ya biashara, si ya makao, na kaunti haikuwauliza. Desemba 2020 likapitisha kanuni: makao ya aina hiyo yasizidi watu 100, na Red Lion ipunguze hadi 125 ifikapo Juni 2021, kisha itoke kabisa mwanzoni mwa 2022.

Basi jibu kwa mama Jirani ni ndiyo, mji unaweza. Ila oneni namna: ulikaa hadharani, watu wakaja wakasema, madiwani wakapiga kura, ikaandikwa, ikapewa tarehe. Hakuja mtu usiku kumtisha bawabu.

#9 Kinyozi wa Kirinyaga Road
Asante dada. Ndicho ninachosema. Renton hawakuwa watu wabaya. Waliletewa mzigo wa mji mkubwa bila kuulizwa.

#10 Dada wa Kent
Kweli, lakini mzigo huo ni watu. Na baadaye kaunti ilinunua hoteli nyingine humo humo Renton kwa makubaliano na mji. Kwa hivyo hata wao hawakusema kamwe. Walisema si hivi.

#11 Mtu wa Kangemi
Mbona mnaenda mbali, Uingereza juzi mahakama ilifunga hoteli ya wasio na makao, ile Bell ya Epping. Baraza lilishinda. Mwisho wa habari.

#12 Wakili wa Huruma
@Mtu wa Kangemi, hapo kuna makosa matatu, niyanyoshe.

Kwanza, waliokuwa Bell Hotel si watu wasio na makao kwa maana tunayoizungumza. Ni wanaume walioomba hifadhi ya ukimbizi, 138 hivi, na aliyewaweka ni serikali kuu. Pili, haikufungwa. Baraza la Epping Forest lilipata zuio la muda Mahakama Kuu tarehe 19 Agosti 2025, na siku kumi baadaye, tarehe 29, Mahakama ya Rufaa ikaliondoa. Tatu, baraza halikushinda. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ililikatalia zuio lenyewe.

Lakini umeleta kesi nzuri kuliko ulivyodhani. Baraza lilisimama juu ya hoja ile ile niliyoieleza katika #5: kwamba jengo limeacha kuwa hoteli na kuwa hosteli bila kibali. Sheria yetu ya mipango na ya Waingereza zimenyonya ziwa moja, na maneno yanakaribia kufanana. Huko kwao hoja hiyo, ikiwa na mawakili wakubwa nyuma yake na hoteli nzima imejaa, haikutosha kuwatoa watu. Vyumba vitano vya Ngara vitasemwaje?

#13 Mtu wa Kangemi
Nimekosolewa, nimekubali. Lakini kule Epping watu waliandamana kwa sababu mkaazi mmoja wa hoteli alimshambulia msichana kingono, na mahakama ikamtia hatiani. Hofu ya wazazi isifanywe kuwa ubaguzi tupu.

#14 Wakili wa Huruma
Haki kabisa. Mkosaji alikuwa mmoja na alihukumiwa kwa kosa lake. Kinachonikera ni wale 137 wengine kutakiwa kuondoka kwa kosa hilo hilo.

#15 Bin Majengo
Kuna na New York. Jiji lile lina amri ya mahakama tangu 1981 kwamba asiye na pa kulala apewe pa kulala. Wahamiaji walipofurika, jiji likakodi hata Roosevelt, hoteli ya vyumba zaidi ya elfu moja iliyokuwa ya shirika la ndege la Pakistani, ikafunguliwa Mei 2023 na kufungwa 2025. Ilipojaa mjini wakaanza kuwapeleka hoteli za kaunti za nje. Rockland na Orange zikatoa amri za dharura kwamba hoteli zao zisiwapokee. Jaji wa mahakama ya shirikisho akazizuia amri hizo mwezi Juni 2023, akiona yaelekea zinabagua watu kwa asili yao. Lakini mahakama ya jimbo nayo ilikuwa imeizuia kwa muda hoteli moja ya huko huko isiwapokee, hoja ikiwa zoni! Mahakama mbili, wiki chache, kila moja na lake.

Mimi huko kote naona jambo moja. Hakuna kaunti inayokataza hoteli kujaza watalii. Neno "zoni" hutolewa kabatini anapokuja maskini.

#16 Mwanafunzi wa Mipango
Bin Majengo, hapo sikubaliani nawe, na si kwa ubishi. Nasoma mipango ya miji. Kuna mipaka iliyowekwa kumlinda maskini mwenyewe. England ina kanuni ya 2003: baraza lisiweke familia yenye watoto, au mama mjamzito, kwenye gesti za kitanda-na-chai zaidi ya wiki sita. Kwa nini? Kwa sababu mabaraza yalikuwa yanawasahau huko. Mama na watoto watatu chumba kimoja, hakuna jiko, choo cha kushirikiana na watu wasiowajua, mtoto anaandika kazi ya shule kitandani. Mwenye gesti analipwa kila usiku, naye hana haraka waondoke.

Na hesabu hii, mama Jirani, nakuomba usiichukulie vibaya. 500 mara siku 30 ni 15,000 kwa chumba kimoja. Chumba cha mabati Mathare kinapatikana kwa 3,000. Pesa yenu ya mwezi mmoja ingempangia kila mama miezi mitano.

#17 Mama wa Funguo
Huyu mwanafunzi ana hesabu nzuri lakini hajawahi kutafutia nyumba mtu aliyetoka nje. Nimefanya kazi ya usafi na mapokezi kwenye maloji ya mjini miaka kumi na minne.

Chumba cha 3,000 hakikodishwi kwa 3,000. Kuna dipositi, mwezi wa kwanza, na ya stima. Mwenye nyumba atauliza: unafanya kazi gani, bwana yako yuko wapi, kitambulisho lete. Mama aliyelala veranda miaka minne atajibu nini? Akipata, hana godoro, hana sufuria, hana jiko. Wiki ya pili anarudi kwa wenzake kwa sababu huko ndiko kuna watu wanaomjua jina.

Loji haina maswali hayo. Ina kitanda, blanketi, bafu na mlango. Mtu anaoga, analala siku tatu kama aliyekufa. Nimewaona. Siku ya nne ndipo anaweza kuongea habari ya kupanga. Ukianza na ya nne hufiki.

Hata loji ina swali moja, nalo ni kitambulisho. Kile kitabu cha wageni kinakaguliwa na polisi. Jina, namba, unatoka wapi, unaenda wapi. Wengi wa nje hawana. Mama Jirani, hao watano wako wanavyo?

#18 Jirani wa Ngara
Watatu wanavyo. Mmoja aliibiwa. Mmoja hajawahi kuwa nacho, wala cheti cha kuzaliwa, na mama yake pia alizaa akiwa nje. Sikuwa nimefikiria hili kabisa. Asante.

#19 Fundi Stima
Naingia kwa moja tu. Nimetengeneza nyaya za loji nyingi za River Road na Nyamakima. Ngazi ni moja, madirisha yana chuma kisichofunguka, soketi moja imebeba kila kitu. Mgeni wa kawaida halali na jiko. Mama mwenye mtoto mchanga atataka kuchemsha maziwa. Ataleta kijiko cha mkaa au koili ya stima chumbani. Mlisahau Endarasha? Septemba 2024, wavulana 21 waliteketea bwenini kule Nyeri. Kwa hiyo tukimtukana kila anayeuliza cheti cha moto tunakosea. Afungue chuma za madirisha, aweke vizimamoto viwili, muwatengee pa kupikia nje. Nitakuja kuziangalia nyaya bure, mama, nitumie ujumbe.

#20 Jirani wa Ngara
Mungu akuweke, fundi. Nimekuandikia.

#21 Nilikuwa Nje
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Niliingia mtaani nikiwa na miaka tisa na kutoka nikiwa na kumi na nane. Kituo chetu kilikuwa karibu na mzunguko wa Globe. Waliosoma magazeti ya zamani watakumbuka 2003 serikali mpya ilipochukua vijana wa mitaani ikawapeleka NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa. Nilikuwa mmoja. Leo ni fundi wa mabomba na nina watoto wawili.

Nataka kuwaambia jambo la usiku. Mchana mtaani unavumilika. Usiku ndio unaokula mtu. Hulali, unasinzia ukiwa na sikio moja wazi, kwa sababu kuna askari wa kukumwagia maji, kuna mlevi, kuna mkubwa wako wa kituo anayetaka unachokificha. Watu huuliza kwa nini tunavuta gundi. Gundi ilinisaidia nisisikie baridi wala njaa hadi kupambazuke. Nisingeihitaji kama ningekuwa na blanketi na mlango.

Kuna usiku mmoja, nadhani nilikuwa na kumi na mbili, mwenye loji alituita watatu tuingie, mvua ilikuwa kubwa. Alitulaza kwenye korido karibu na tangi la maji moto. Kesho yake walimjia. Sijui walimwambia nini, lakini hakutuita tena, na tukipita alikuwa anaangalia chini. Mimi sikumchukia. Nilielewa hata nikiwa mdogo kwamba ameonywa.

Hesabu ya serikali ya 2018 ilipata watu wa mitaani 46,639 nchi nzima, na 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Na hao ni waliopatikana. Mama watano wamepata vyumba, na hata watano wamekuwa wengi?

@Kinyozi, sikulaumu. Mashine zako ziliibwa na pengine mwizi alikuwa mtu kama mimi wa zamani. Nakuomba tu uwaangalie hawa watoto tisa kabla hujamsikiliza ofisa.

#22 Kinyozi wa Kirinyaga Road
Nimesoma mara mbili. Nitapita hapo Ngara kesho jioni nione. Lakini swali langu bado liko: mwezi ukiisha?

#23 Mama wa Funguo
Mimi nalia kazini jamani.

#24 Abiria wa 2020
Mmesahau karantini. Machi 2020 nilitua kutoka Dubai, nikapelekwa moja kwa moja hotelini, siku 14, zikaongezwa. Hoteli na mabweni ya vyuo kote Nairobi yaligeuzwa makao kwa usiku mmoja. Nani aliitwa kutoa maoni ya zoni? Tulilipishwa hadi watu wakapiga kelele, na mwezi wa tano serikali ikasema itabeba gharama za walio kwenye vituo vya umma. Kwa hivyo inawezekana, mwenye nguvu akitaka. Mzito ni moyo, jengo halina shida.

#25 Wakili wa Huruma
Karantini ilikuwa chini ya sheria ya afya ya umma, amri ya dharura. Si mfano kamili. Lakini inaonyesha kwamba mlango upo.

#26 Binti Mathare
Na mafuriko ya 2024? Tulio kando ya mto tuliambiwa tuondoke, mita 30 kutoka majini, tingatinga likaja nyuma ya maji. Tukaahidiwa 10,000 kila familia. Sisi tulilala darasani, madawati yamesukumwa ukutani, watu wa mitaa mitatu, hadi shule zikataka kufunguliwa Mei ndipo tukaanza kuzunguka tena. Hakuna aliyetaja hoteli. Wala sisi wenyewe hatukuifikiria! Ndiyo maana uzi huu umenishangaza. Tumezoea kwamba mtu wa Mathare akikosa nyumba, pake ni darasa, kanisa au kambi ya chifu.

#27 Mtu wa Kangemi
Na katikati ya mji Hilton ilifungwa 31 Desemba 2022, InterContinental 2020. Vitanda mia ngapi vile!

#28 Mwanafunzi wa Mipango
Hoteli kubwa iliyofungwa ina lifti, pampu, mabomba, bima. Kuiwasha ni ghali kuliko watu wanavyodhani. California walijaribu njia mbili 2020: kwanza kukodi vyumba, mpango wa Roomkey, lengo vyumba 15,000, kisha kununua hoteli zenyewe, mpango wa Homekey, na kuzigeuza nyumba za kudumu. Mpango wa pili ndio uliobaki na kitu mkononi. Kukodi kuliisha pesa za dharura zilipoisha.

Na Los Angeles kulikuwa na pendekezo la chama cha wafanyakazi wa hoteli kwamba kila hoteli ilazimishwe kutangaza vyumba vyake vitupu kila siku na kupokea wasio na makao kwa vocha za mji. Lingepigiwa kura Machi 2024. Wenye hoteli wakapambana nalo, likaondolewa kabla. Sasa pimeni wenyewe: huku mji unamkataza mwenye hoteli anayetaka, kule wanataka kumlazimisha asiyetaka.

#29 Mzee Burma
Mwanafunzi, sasa umesema la maana. Hapo mwanzo ulikuwa unatuhesabia mabati.

#30 Mwanafunzi wa Mipango
Mzee wangu, mabati bado nayashikilia 😊

#31 Mama wa Funguo
Mimi nina maelezo ambayo hakuna aliyeyataja. Wenye loji wenyewe huogopa mgeni asiyeondoka. Akikaa sana anasema hapa ni kwangu. Kumtoa ni kesi.

#32 Dada wa Kent
Huku ni hivyo hivyo. New York mtu akikaa siku 30 chumbani hatolewi bila mahakama. California kuna wenye moteli waliokuwa wanawahamisha wageni kabla ya siku ya 30 ili wasipate haki ya mpangaji, hadi sheria ikawakataza. Sheria ya kumlinda mtu inaweza kumfanya asifunguliwe mlango kabisa.

#33 Modereta
Tafadhali neno la "chokoraa" lisitumike isipokuwa mnamnukuu ofisa. Uzi ubaki kwenye mada.

#34 Kinyozi wa Kirinyaga Road
Nimepita. Nimewaona. Mtoto mmoja wa kike ananyoa nywele za mwanasesere wa chupa kwa kijiti, akaniambia yeye pia ni kinyozi. Niseme nini. Bado nataka pawe na mlinzi wa usiku na bado nataka tuambiwe tarehe ya mwisho, sisi wenye biashara, kwa barua. Lakini ofisa akija kwangu nitamwambia sijaona fujo.

#35 Jirani wa Ngara
Wadau, ya Jumapili ni haya.

Ijumaa mchana alikuja ofisa mwingine, ana kitambulisho cha kazi, mpole. Amekagua vyumba, vyoo na ngazi, akaandika karatasi yenye muhuri: vizimamoto viwili, chuma za madirisha mbili za nyuma zifunguke, hakuna moto wala koili chumbani, kitabu cha wageni kijazwe kwa kila mtu. Siku 14. Hakuuliza hata mara moja wageni ni nani. Tulipomtajia yule wa usiku, akanyamaza.

Mwenye loji amekubali hadi tarehe 15 Agosti, si mwezi mzima. Hakusema sababu.

#36 Mzee Burma
Nilisema nini katika #2!

#37 Wakili wa Huruma
Mzee, karatasi yenye muhuri inathibitisha #5 kuliko #2. Sheria ilikuwepo, ikafuatwa mchana. Mama, itunze karatasi hiyo na upige picha. Na barua anayotaka @Kinyozi muandikeni, ina maana kubwa likija la pili.

#38 Bin Majengo
Wala hamjui. Pengine wa usiku na wa mchana wanakula sahani moja, wa kwanza akaonywa na uzi huu.

#39 Fundi Stima
Chuma za madirisha nitakata Jumanne. Vizimamoto vipya ni ghali, ila msinunue vya kuokota River Road bila tarehe ya ukaguzi.

#40 Nilikuwa Nje
Mlinzi wa usiku ni mimi, Jumatatu hadi Alhamisi. Sihitaji malipo. Nipeni tu kiti.

#41 Mwanafunzi wa Mipango
Tarehe 15 si mbali. Nimeongea na mwenye nyumba Huruma, vyumba viwili, 3,500, amekubali bila dipositi kama chama chenu kitaandika barua. Si vitano, ni viwili.

#42 Jirani wa Ngara
Viwili ni viwili, mwanangu. Tutakaa leo jioni tuone nani aanze. Yule wa nimonia yuko chumba namba sita, anapumua vizuri.

#43 Mama wa Funguo
Na yule asiye na kitambulisho, kitabuni mmemwandika vipi?

#44 Jirani wa Ngara
Jina lake, na mahali pa "unatoka wapi" amesema tuandike Ngara. Mahali pa namba bado ni peupe. Kesho saa mbili asubuhi tunaenda kwa chifu. Mwenye uzoefu wa cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, anisaidie kabla ya hapo.

#45 Binti Mathare
Mimi nilikipata baada ya mafuriko, karatasi zangu zote zilikwenda na maji. Chukua watu wawili wanaomjua tangu mdogo, hata kama ni wa kule verandani. Nipigie saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa nimeamka.